Bariere ya Sita

Kwenye bariere ya tano, kizuizi cha barabarani, Sabine alishusha beseni, akaacha wapiganaji wapime makopo yao kumi ya unga, akalifunga tena kwa kitenge. Hakubishana. Hesabu yake ilikuwa bado sawa.

Tangu waasi waishike Uvira na shule ifungwe, yeye mwalimu alikuwa akifuata unga wa muhogo Sange, kwa miguu. Bariere ya kwanza walichukua makopo mawili, ya pili manne, ya tatu sita. Kadiri mji ulivyokaribia, ndivyo makamanda wa kulishwa walivyozidi, na kila bariere ikaongeza mawili. Jumla thelathini. Watoto wake wanne waliobaki mtaa wa Rugenge, mjini, walihitaji kumi. Basi alibeba arobaini, mzigo wa kuvunja shingo.

Karibu na nyumba za kwanza za mji akakuta gogo limelazwa barabarani. Jana halikuwepo.

“Kumi na mbili, mama,” kijana mwenye bunduki alisema.

“Iko kumi tu. Nimeshalipa bariere tano.”

“Hii iko ya sita.”

Kamanda wao, Herménégilde, akainuka kivulini. “Umejuaje iko kumi? Hatujapima.”

“Arobaini, toa thelathini.”

“Na tukiweka ya saba?”

“Itadai kumi na ine.”

“Kumbe weye iko mwalimu!”

Sabine akajuta kufungua kinywa.

“Hawa wangu wanahesabu ovyo. Utabaki hapa, utupimie.”

“Watoto wangu iko peke yao. Nitabaki mpaka lini?”

“Mpaka vita iishe.”

Wakamwaga makopo yake kumi guniani, wakampa kopo.

Jua likiinama akatokea Kankindi, mjane jirani yake, na beseni kichwani. Alipomwona Sabine upande ule wa gogo, alisimama.

“Hata weye, Madame?”

Sabine akamsaidia kushusha beseni. Akawapa wapiganaji mgongo, akachota kopo nusu. “Moja!” alitangaza kwa sauti ya darasani. Akachota nusu nyingine. “Mbili!” Nyuma yake kamanda aliitikia kila namba kwa kichwa. Jioni gunia lingepimwa. Sabine alilijua hilo.

“Kumi na mbili!”

Kankindi alitazama unga uliobaki, kisha akamtazama yeye.

“Funga haraka, mama,” Sabine alinong’ona. “Ukifika, upikie na watoto wangu.”