Maji Matamu ya Orley

Kila mwaka, mkutano wa waendeshaji wa mitambo ya maji wa jimbo la Nebraska unapokaribia kumalizika, waamuzi huketi nyuma ya meza ndefu na kuonja maji ya miji midogo, bilauri baada ya bilauri, kwa utaratibu na nyuso za kazi. Na kwa miaka ya karibuni kikombe cha maji matamu kilikuwa hakitoki Orley. Gaylen Pospisil alikuwa akisimama na kupiga makofi pamoja na wenzake, huku ameuma meno.

Gaylen ndiye aliyeendesha maji ya Wenzel, mji jirani na Orley. Kati ya miji hiyo hamna kitu ila mashamba ya mahindi. Maji yake hayakuwa na shida, ila yalikuwa na ladha ya chuma. Ukinywa kahawa Wenzel, unaweza kudhani imekorogwa kwa msumari. Na mshindi wa Orley alikuwa Dwight Ostermeyer, bwana mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

Angekuwa mtu baki, Gaylen angevumilia. Lakini Dwight alikuwa mkwe wake. Jodene, binti pekee wa Gaylen, aliolewa na Kurt, mwana wa Dwight, akahamia Orley. Na Jodene alipojifungua mtoto wa kike mwezi wa Mei, mtoto akaitwa Norma, jina la marehemu mama yake Dwight.

"Kwani mama yangu mimi hakuwa na jina?" Gaylen alimwuliza mkewe, Arlyce, wakiwa garini kutoka hospitali.

"Mama yako aliitwa Ludmila, Gaylen. Nani atamwita mtoto Ludmila zama hizi?"

"Na Norma ndilo jina la zama hizi?"

Arlyce akacheka mpaka akafuta machozi. "Wivu utakuua, mzee wangu. Na hicho kikombe hutazikwa nacho."

Gaylen hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba mjukuu wake atakulia kwa yule bwana, atanywa maji ya yule bwana, na siku akija Wenzel atakunja uso na kusema, babu, maji yako yananuka.

Kiangazi cha mwaka ule mvua ilikatika. Mahindi yalijikunja majani, na wenye mashamba wakawa wanavuta maji ya chini ya ardhi kutwa kucha. Jumapili moja ya Julai Jodene aliwaalika wazazi wa pande zote mbili chakula cha mchana. Arlyce alioka kolachi, mikate midogo mitamu yenye mbegu za popi, Kurt akachoma nyama uani. Gaylen alipoingia alimkuta Dwight kwenye kiti cha bembea, mtoto amelala kifuani pake.

"Karibu, mkwe! Hebu mpeni maji ya washindi huyu, asije akasema Orley tumemnyima."

"Nitakunywa bia," Gaylen akajibu.

"Anaogopa! Akionja maji yetu, yake atamwagilia bustani."

Watu wakacheka. Gaylen akaomba apewe mtoto. Norma akaamka, akalia, akarudishwa kwa Dwight, akanyamaza papo hapo. Wivu ulimpanda Gaylen hadi masikioni. Lakini kwa muda ule mfupi aliomshika aliona kitu: mtoto alikuwa mzito wa usingizi kuliko inavyofaa, na kando ya midomo ngozi yake ilikuwa na rangi ya kijivujivu.

"Mbona amepauka hivi?"

"Joto, Baba," Jodene akasema. "Wiki nzima amekuwa mvivu hata kunyonya chupa. Kesho tunaonana na daktari."

Gaylen akatoka kwenda kwenye pikapu yake, kwa kisingizio kwamba amesahau miwani, kumbe alitaka tu kuvuta pumzi mbali na kicheko cha Dwight. Ndipo akaisikia. Nyuma ya maghala ya nafaka pampu ilikuwa inanguruma, na kila baada ya kitambo inakohoa. Gaylen aliijua sauti ile. Zamani, kabla hawajawa wakwe, alikwenda kumsaidia Dwight kuitengeneza. Ilikuwa pampu ya kisima cha zamani cha Orley, kisima kilichopakana na mashamba, kilichofungwa kwa sababu mbolea ya miaka mingi ilikuwa imepenya ardhini hadi majini. Kisima kipya kilichimbwa kwa ajili hiyo. Na maji ya kisima kipya ndiyo yaliyokuwa yanashinda vikombe.

Moyo wake ukaruka. Ukweli ni kwamba uliruka kwa furaha.

Ndani ya pikapu alikuwa na vijikaratasi vya kupimia naitreti, ile chumvi inayotokana na mbolea na samadi. Maji yenye naitreti hayana harufu, hayana rangi, wala ulimi hauoni tofauti. Mtu mzima anaweza kuyanywa asihisi lolote. Kwa mtoto mchanga, huikosesha damu yake hewa. Gaylen akaingia kwa mlango wa jikoni, wengine wakiwa uani, akafungua bomba, akachovya. Kijikaratasi kikaanza waridi hafifu, kikakolea, kikakolea tena, kikapita kabisa rangi ya kiwango kinachoruhusiwa.

"Nimekupata," akajisemea.

Alipoinua macho aliiona chupa ya Norma pembeni ya bomba, maziwa ya kopo yamekwisha kukorogwa, yanangoja yapoe.

Jodene aliingia akamkuta anamimina maziwa kwenye sinki.

"Baba! Unafanya nini?"

"Usimpe haya maji, mwanangu. Yana naitreti. Tazama."

"Si tunayachemsha? Nayachemsha kila siku!"

"Kuchemsha ndiko kunakozidisha. Maji yanapungua, ile chumvi inabaki palepale."

Wengine wakaja kwa kelele ile. Dwight alikitazama kijikaratasi, na kwa nukta moja uso wake ulitulia kabisa. Kisha akacheka. "Mkwe, hata mbele ya mjukuu? Vikaratasi hivyo vikikaa kwenye gari lenye joto vinaharibika, wewe unajua. Jimbo linapima maji yangu. Safi kila mara."

"Pampu ya zamani inafanya nini?"

"Tunaizungusha isishike kutu."

"Baba," Jodene akasema, "tangu harusi yangu unamtafuta Dwight kosa. Ulisema keki yao ngumu. Ulisema jina la mwanangu baya. Sasa maji yao sumu! Nenda nyumbani, tafadhali. Nenda."

Kurt akamfungulia mlango. Arlyce akaichukua sahani yake ya kolachi, lakini mlangoni alimshika Jodene mkono. "Leo tu, mama, mkorogee kwa maji ya dukani. Kwa ajili yangu, siyo kwa ajili ya baba yako." Jodene akaitikia kwa kichwa.

Njiani, mnara wa maji wa Wenzel ulipoonekana, Arlyce akamgeukia.

"Nataka uniambie kweli, Gaylen. Ulipoiona ile rangi, ulifurahi?"

Gaylen alitazama barabara. "Nilifurahi. Mwanzo."

"Basi ndiyo maana hawakuamini. Inaonekana usoni." "Kesho mwendee Dwight, muwe wawili tu. Ukimkuta na watu mtafanya maigizo tena."

Kesho yake asubuhi alimkuta Dwight kwenye kibanda cha pampu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua kofia. Hakuwa na mzaha. Gaylen hakuwahi kumwona bila mzaha, akajikuta hajui aanzie wapi.

"Kisima kipya kinashuka," Dwight akasema mwenyewe. "Kila mtu anavuta. Niliwaomba wakuu wa mji wakataze kumwagilia majani ya uani, wakasema watu watakasirika. Mnara ukiwa mtupu na nyumba ikashika moto, nitasema nini? Nikafungua hiki. Nilijiambia wiki moja tu. Halafu mvua haikuja."

"Na sampuli za jimbo?"

"Nilikuwa nakifunga hiki siku mbili kabla, halafu nachota."

"Norma anakunywa, Dwight."

"Nilidhani hayafiki upande wao. Nilijipa moyo." Akajipangusa uso. "Nipe hadi mwisho wa mwezi, mkwe. Nitakifunga kimyakimya, hakuna atakayejua."

"Orley kuna watoto wengine wachanga. Watu waambiwe leo."

Dwight akasimama, na urefu wake ukajaza kibanda. "Angekuja mtu mwingine yeyote na maneno haya, ningemwitikia. Lakini wewe! Wewe umeiombea siku hii."

"Nimeiombea," Gaylen akasema. "Na bado maji ni yale yale. Piga simu wewe, au nipige mimi."

Dwight akakaa tena kwenye ndoo. Gaylen akangoja. Alitamani kwa dhati yule bwana anyooshe mkono achukue simu, na alishangaa kwamba anatamani. Mkono haukunyooka. Gaylen akapiga mwenyewe ofisi ya maji ya jimbo, palepale, mbele yake.

Watu wa jimbo walikuja siku ileile. Kufikia jioni kila mlango wa Orley ulikuwa na tangazo la kukataza maji ya bomba kwa watoto wachanga na kuonya kwamba yasichemshwe, na magari ya zimamoto yakawa yanagawa maji ya chupa shuleni. Daktari alimpima Norma damu, akakuta imeathirika, siyo sana. Alisema kama wangeendelea na maji yale wiki nyingine, yeye angekuwa anaongea maneno mengine. Kwa maji ya dukani mtoto alirudisha rangi yake, na hamu ya chupa ikarudi kwa makelele.

Jambo halikuishia Orley. Jimbo lilituma wakaguzi katika miji midogo, mmoja baada ya mwingine, na gazeti likatoa majina: huku naitreti, kule madini ya risasi katika mabomba ya zamani, kwingine sampuli ambazo hazikuchotwa kabisa. Watu walisoma wakidhani wanasoma habari za jirani, wakakuta mji wao. Wenzel nao ulikuwemo. Wavu wa juu ya tangi ulikuwa umechanika, shomoro wakajenga ndani, na vijidudu vikaonekana majini. Goti lilikuwa linamsumbua Gaylen, alikuwa hajapanda mnara tangu mwaka juzi, na kila mwezi alikuwa akijiambia atapanda.

Ikabidi apite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wake wachemshe maji. Dukani bibi mmoja alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Angalau ya Orley yalikuwa matamu, Gaylen."

Gaylen akaenda nyumba iliyofuata.

Jodene alikuja Wenzel mwishoni mwa Agosti, mtoto kiunoni. Alimkuta baba yake barazani, goti kaliwekea barafu.

"Nilikufukuza, Baba."

"Ulifanya sawa. Sikwenda jikoni kwako kwa ajili ya mtoto. Nilikwenda kumtafuta Dwight."

"Najua," Jodene akasema. Kisha akampakatia Norma. Safari hii Norma hakulia. Alimshika pua, akavuta.

Dwight alinyang'anywa leseni. Wakuu wa mji waliokataa kukataza kumwagilia majani ya uani walisema hawakujua lolote, wakamwacha abebe peke yake, na Gaylen, aliyekuwa akingojea aanguke, alijikuta anamtetea mbele yao kwenye kikao, kwa hasira asiyoijua ilikotoka. Mwishowe miji miwili iliamua kuunganishwa kwa bomba moja na kisima kirefu zaidi, mbali na mashamba. Wakahitaji mtu wa kuangalia pande zote mbili, wakampa Gaylen.

Kwa hiyo sasa, mwaka ukikaribia kutimia, anatoka asubuhi na kurudi jua limezama, Orley na Wenzel, Wenzel na Orley. Dwight hana kazi, na Jodene amerudi kufundisha. Anayekaa na mtoto kutwa ni babu mwenye nafasi. Gaylen akipita na pikapu yake huwaona uani, yule bwana mrefu amepiga magoti kwenye majani yaliyokauka, Norma ananyanyuka kwa kushika vidole vyake, anajaribu kusimama. Siku moja Dwight alimpungia mkono na kupaza sauti, "Mkwe! Njoo uone, leo kaachia mkono, kasimama mwenyewe!"

Gaylen alipunguza mwendo. Sampuli zilikuwa kwenye barafu nyuma ya pikapu, na maabara hufunga mapema. Alipiga honi mara moja, akaendelea na safari, na ule wivu wa zamani ukampanda tena hadi masikioni.