Halbadiri ya Mfalme Menua

Miska hata vyombo anaosha kwa sauti nzuri. Najua sauti haioshi vyombo, lakini msikie siku moja yuko jikoni anaimba, maji yanamwagika, utaona mwenyewe. Mama yangu akirudi kazini, miguu imemvimba, anakaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake hajalivua, anamsikiliza. Mie nimeosha vyombo miaka sita ndani ya nyumba hii, na hakuna hata siku moja mtu aliyekaa na koti.

Miska ni mtoto wa mama mdogo. Alikuja kutoka Wete, Pemba, mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, akawekewa kitanda chumbani kwangu. Sote tuna miaka kumi na sita, ananizidi miezi miwili. Mie London nimekuja nikiwa mdogo, na Kiswahili changu kusoma nasoma, kuandika naandika, ila kukisema mbele za watu ulimi unakuwa mzito kama nimetoka kung'olewa jino. Na si Kiswahili tu. Skuli kila mwaka ripoti inasema maneno yale yale: Mardhiya anafaa azungumze zaidi.

Kabla ya Miska, kimya changu kilikuwa na heshima yake. Bibi akiwaambia wageni, "Huyu mjukuu wangu hana maneno mengi, lakini yupo." Sasa anaita tu, "Miska! Hebu njoo unisimulie."

Basi. Jumamosi sie tunakwenda darasa la Kiswahili, hapa hapa Wembley, kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vitambaa. Anatufundisha Mwalimu Muhiddin. Siku moja akatuletea mgeni, Bi Reena, Mhindi, wazee wake watu wa Mombasa, anafanya kazi kwenye makumbusho. Kiswahili chake cha dukani, lakini hakioni haya hata kidogo. Mie nilimuonea wivu kwa hilo pia.

Bi Reena akatuonyesha picha za mawe yaliyoandikwa. Akasema zamani, kama miaka elfu mbili na mia nane iliyopita, kulikuwa na wafalme wa nchi ikiitwa Urartu, huko milimani ambako leo ni mashariki ya Uturuki na Armenia. Wafalme hao wakifanya jambo, wanalichonga kwenye jiwe. Wakijenga ngome, jiwe. Wakivamia watu, jiwe. Mfalme mmoja, Menua, alichimba mfereji wa maji wa kilomita kama hamsini, halafu kando ya njia yake akachongesha habari ile ile zaidi ya mara kumi: mimi Menua mwana wa Ishpuini ndiye niliyeuchimba. Kama mtu anayejua kuwa watu watakuja kumnyang'anya. Na wakamnyang'anya kweli. Watu wa huko wamekuja kuuita mfereji ule kwa jina la malkia wa hadithi, ambaye hakushika hata jembe.

"Na mungu wao mkubwa alikuwa Haldi," Bi Reena akasema. "Sasa kwetu sisi Wahindi haldi ni manjano, kiungo cha jikoni. Nilipoanza kusoma habari hizi nilidhani hawa watu wanaabudu mchuzi!"

Darasa zima likacheka. Miska alicheka mpaka Bi Reena akamgeukia, akamuuliza jina.

Makumbusho yao walikuwa wanatayarisha maonyesho. Wataweka nakala za plasta za mawe mawili, na mgeni akibonyeza kitufe atasikia maneno ya jiwe kwa lugha za watu wa London, na Kiswahili kimo. Chini ya kitufe kutakuwa na kadi: mtafsiri fulani, msomaji fulani.

Jiwe la kwanza lilikuwa la mfereji. La pili lilikuwa dogo, linasema shamba hili la mizabibu ni la Tariria, na shamba lenyewe limepewa jina lake. Tariria alikuwa mke wa Menua au binti yake, wataalamu hawana hakika. Mie nilijua ni binti. Na nilichokifikiria si Tariria, ni dada yake. Mfalme hawezi kuwa na binti mmoja. Atakuwepo mwengine, alisimama kando anamtazama fundi anachonga, anahesabu herufi za jina lisilokuwa lake. Yule hana jiwe popote.

Mwalimu Muhiddin hata hakufikiri. "Mardhiya atatafsiri," akasema, "Miska atasoma."

Nilikaa na karatasi ya Bi Reena wiki mbili. Mwisho wa jiwe la mfereji kuna laana, mfalme anamuapiza atakayeliharibu jiwe, na hapo ndipo niliposhindwa. Siku hiyo Miska alikuwa anakata vitunguu.

"Hebu nisomee," akaniambia.

Nikamsomea kwa sauti ndogo. "Mtu yeyote ambaye ataliharibu jiwe hili, au mtu yeyote ambaye ataliondoa..."

"Ah! Hilo tangazo la baraza la mji. 'Ambaye, ambaye'! Huyo mfalme, shoga yangu, kakasirika." Akakiweka kitunguu, kisu kikabaki mkononi. "Andika. Atakayelivunja jiwe hili. Atakayelifuta jina langu akaweka lake. Atakayemtuma mwengine, akamwambia nenda ukalivunje. Atakayesema, 'Mimi ndiye niliyeyafanya haya.' Huyo Haldi amuondoe chini ya jua, yeye na jina lake na kizazi chake. Ushaandika?"

Nilikuwa nishaandika. Dakika tano zilitosha. Machozi yalikuwa yananitoka na nikasema ni vitunguu.

Mwalimu akaniletea fomu kwenye simu niijaze. Mistari miwili. Mtafsiri. Msomaji. Nilikuwa ndani ya basi, nambari 18, ghorofa ya juu, nyuma kabisa. Kwenye mstari wa kwanza nikaandika Mardhiya. Ilikuwa niandike na Miska pia, na kidole kilikuwa tayari, lakini sikuandika. Mstari wa pili nikautazama vituo vitatu vizima. Halafu na hapo nikaandika Mardhiya. Nikatuma.

Nyumbani nikamwambia, "Wamebadilisha. Wanataka mtafsiri asome mwenyewe."

Miska alikuwa anakunja nguo. "Haya," akasema. "Si kitu."

Jioni ile aliosha vyombo kimya. Na mie, nasema kweli, nilifurahi.

Ila sasa ilikuwa lazima nisome. Kurekodi ni Jumamosi. Jumatatu nikitoka skuli nikajifungia bafuni, maana nyumba yetu mlango wenye ufunguo ni huo tu. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya tatu ikatoka. Bafuni kuna vigae, sauti inarudi imenenepa, hata sikuamini ni yangu. Mara ya saba nilikuwa napiga kelele kabisa. "Atakayelifuta jina langu akaweka lake! Amuondoe chini ya jua! Yeye na jina lake na kizazi chake!"

Nikafungua mlango. Bibi kasimama nje, alikuja kutia udhu wa alasiri, mkono mmoja kashika ukuta.

"Nani kaiba?" akaniuliza.

"Nini, Bibi?"

"Usinifiche. Mie nimezaliwa Pemba nikakulia Pemba. Halbadiri naijua, hata ukiisoma kwa majina nisiyoyajua. Umeibiwa nini?"

Kwa asiyeijua, halbadiri ni kisomo cha kumuapiza mwizi asiyejulikana. Kwetu haisomwi kwa mzaha. Wapo watu wanaotajwa mpaka leo kwamba walivimba, au walitoka barabarani wanasema wenyewe walichokiiba.

"Hamna kitu," nikamjibu, kwa Kiingereza, na ndivyo Bibi anavyojua nasema uongo.

Akanivuta karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Halbadiri haina macho. Ukishaiachia ndani ya nyumba haichagui. Hata aliyeisoma, ikiwa na yeye ana cha mtu, basi inaanza naye."

Ningesema tu, Bibi, hayo ni maneno ya jiwe la kale, ya makumbusho. Sentensi moja. Lakini swali la pili nililijua: si tuliambiwa anasoma Miska? Nikanyamaza. Mie kunyamaza sijapata kushindwa.

Usiku, wakati wa chakula, akatukusanya sebuleni: Mama, Miska, mie, na Mjomba Mbarouk, anayefanya kazi ya ulinzi kwenye uwanja wa mpira, bado kavaa fulana yake ya manjano.

"Ndani ya nyumba hii mna mtu kaibiwa," Bibi akasema. "Imeshaanza kusomwa. Kwetu, kabla haijasomwa yote, watu hutangaziwa. Basi natangaza. Ile meza ya mlangoni, ya funguo na barua. Mpaka Ijumaa magharibi, aliyechukua cha mtu akiweke pale. Haulizwi mtu, hatazamwi mtu. Mwenye chake akikiona, akichukue, anyamaze."

"Mama," Mjomba akasema, "hapa Wembley."

"Kwani Wembley hamna wezi? Weye kila siku unawakamata getini."

"Nawakamata na tiketi za bandia, mama, siwasomei."

"Ndiyo maana hawaishi."

Miska alicheka. Mie nilikuwa natazama zulia.

Jumanne asubuhi mezani kulikuwa na chaja ya Mama, iliyopotea tangu Ramadhani. Mchana ule Mjomba alikuwa mpole sana. Jumatano ikatokea mikasi ya Mjomba, na Mama akawa anapika bila kumtazama mtu. Alhamisi asubuhi Bibi mwenyewe akaweka pakiti ya biskuti za chokoleti, imebaki nusu, zile alizokatazwa na daktari.

"Loo," Mjomba akasema, "kumbe nyumba nzima wezi!"

"Haulizwi mtu!" Bibi akapiga kelele kutoka chumbani.

Alhamisi hiyo hiyo nikarudi kutoka skuli, na mezani, chini ya biskuti, kulikuwa na daftari langu.

Daftari la Kiingereza la mwaka jana. Wala sikujua kama limepotea. Nikakaa kwenye ngazi nikalifungua. Kurasa za mwisho, nilizoziacha tupu, zimejaa mwandiko wa Miska. Kanakili sentensi zangu. Insha yangu ya mvua, ile ya treni ya asubuhi, sentensi moja mara kumi, mara kumi na tano, na pembeni maana ya kila neno kwa Kiswahili, kwa herufi ndogo ndogo. Miska anakwenda chuo kujifunza Kiingereza, na nilikuwa sijamuuliza hata siku moja kunakwendaje.

Nikarudi nyuma kwenye insha yenyewe. Pale mwalimu wangu alipoandika kwa wino mwekundu kwamba kazi hii ni nzuri sana, chini yake kuna jina kwa penseli. Limefutwa, lakini alikuwa kakandamiza, alama imebaki. Ukiinamisha ukurasa kwenye taa unalisoma. Miska.

Alikuwa kaliandika, akalitazama, akalifuta mwenyewe.

Sikujua mie nina kitu cha kuonewa wivu. Kwanza nilifurahi, nisifiche. Nilifurahi vibaya, kama mtu aliyemkuta mwenziwe na yeye kajikwaa. Halafu nikaliona basi nambari 18, na kidole changu, na hakuna aliyekuwa kanishika mkono. Yeye kwa penseli alirudi nyuma. Mie nilituma.

Ijumaa wakati wa chakula nikakaa maktaba ya skuli nikamuandikia Bi Reena. Nikasema nilijaza fomu vibaya. Sikusema nilisahau, niliandika nilijaza vibaya. Mtafsiri: Mardhiya na Miska. Msomaji: Miska. Nilipofika kwenye neno la mwisho tumbo lilinikata kweli kweli, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza kama Bibi alisema kweli.

Bi Reena akajibu kabla ya kengele. Kadi ilikuwa bado haijachapwa. Akaniambia nisijali, makosa hutokea. Nikaichapisha fomu mpya, nikaikunja mara mbili, na kabla ya magharibi nikaiweka mezani, juu ya biskuti. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Nilimsikia Miska anatoka bafuni. Kandambili zake zikaja, zikasimama. Karatasi ikafunguliwa. Ukapita muda wa mtu kusoma mistari miwili, halafu muda wa kuisoma tena. Kisha kandambili zikaenda jikoni, bomba likafunguliwa, maji yakawa yanamwagika na hakuna wimbo.

Haulizwi mtu. Bibi alidhani sharti hilo ni la huruma. Mie nilikaa juu ya kitanda nikiomba niulizwe. Angeuliza, ningelia, ningesema samahani, yangekwisha. Alikuja kulala, akasema, "Kesho tuamke mapema, eti?" Nikasema ndiyo.

Makumbusho walituweka kwenye chumba kidogo cha kurekodia, kina vitambaa ukutani. Miska kiti cha mbele, mie nyuma, Bi Reena upande wa pili wa kioo. Miska akasoma shamba la Tariria, taratibu, kama anamuonyesha mtu mipaka. Akasoma mfereji. Akafika kwenye laana.

"Atakayelifuta jina langu akaweka lake."

Nilimtazama usoni. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. Sijui kama aliukazia mstari ule kuliko mingine. Nimejiuliza mara nyingi na sijui. Najua kwamba Bi Reena alikuwa kaweka kalamu chini anasikiliza tu. Hata koti alikuwa hajalivua.

Tulirudi kwa treni, tumekaa pamoja. Vituo viwili Miska alikuwa anatazama nje. Halafu Miska akasema, bado anatazama dirisha:

"Kwenye kadi, mbona jina lako limetangulia?"

"Alfabeti," nikamwambia. "Ma inakuja kabla ya Mi."

Akanigeukia. Akanitazama kweli, mara ya kwanza wiki nzima, akaanza kucheka. Na hata kucheka kwake, jamani, watu wawili ndani ya treni waligeuka.