Jezi ya Majitu

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, Florida na dada yake Dafroza walikuwa wakilala ndani ya jezi moja ya mtumba. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, imeandikwa LATVIJA, yaani Latvia, kifuani, na mabega yake mapana yaliwatosha wote wawili. Basi wakaamua kwamba huko Latvia wanaishi majitu, na usingizini waliyaona yakitembea juu ya maji bila kuzama.

Sasa Florida anafanya usafi kwenye uwanja wa barafu mjini Buffalo, ambako vijana wa timu za taifa za nchi mbalimbali wamekuja kugombea ubingwa wa hoki. Siku Latvia walipoingia, ufagio ulimponyoka. Yalikuwa majitu yale yale, mabega yale yale, yakielea juu ya maji yaliyoganda.

Latvia wakafungwa. Florida akakuta jitu moja limekaa peke yake kwenye korido. Lilivua kofia ngumu, likavua jezi na kuitupa sakafuni, kisha likavua mabega ya plastiki yaliyokuwa chini yake. Akabaki kijana mwembamba, fulana imelowa jasho, anatetemeka na kulia.

Florida akampigia dada yake, anayeishi Louisville.

"Dada, nimemwona mwenye jezi yetu."

"Kweli? Ni jitu?"

"Jitu gani! Ni mtoto tu. Anatetemeka kwa baridi."



"Sasa unanipigia simu ya nini? Mfunike."