Nitacheka Bondeni

Kanisa la Peachlick halina kinanda. Wazee waliolijenga waliamini kinanda ni cha shetani na gitaa ni shemeji yake, na wajukuu wao, ingawa magitaa wanayo majumbani, hawajathubutu kuuingilia ukoo huo. Vitabu vya nyimbo vipo, ila havina noti, na anayekishika kitabu ni mtu mmoja tu, mtoaji. Mtoaji huutamka mstari haraka haraka kama anayenadi ng'ombe, kisha kanisa zima huupokea na kuuvuta polepole, ukapanda na kushuka kama barabara za milima hii ya Kentucky, hata mgeni aliye mlangoni asijue kama watu wanaimba au wamefiwa.

Sheria ni moja: mwitikiaji hasahihishi. Ulichopewa ndicho unachoimba. Mwaka mmoja mzee aliyekuwa akitoa wimbo alimwona mbwa ananusa vikapu vya chakula, akasema katikati ya ubeti, "Nani kamwachia mbwa huyu aingie?" Kanisa likapokea. Watu sitini waliimba habari za mbwa yule kwa machozi, na inasemekana mwenye dhambi mmoja aliokoka papo hapo.

Mchungaji Orbin Stidham alikisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka watu walijishika mbavu. Yeye mwenyewe alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa kwenye kicheko cha wenzake. Kicheko cha kwake kilikauka miaka arobaini na miwili iliyopita, nyuma ya kanisa hilihili, kwenye shimo la hewa la mgodi.

Jumapili ya tatu ya Oktoba alifika saa mbili asubuhi, kabla ya wote, akikokota mtungi wake wa oksijeni uliokuwa ukikwama kwenye kila kokoto kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ukungu ulikuwa umelijaza bonde hadi kwenye paa. Mfukoni mwa koti alikuwa na barua ya kuusomea ushirika mwisho wa ibada: anaacha uchungaji, na kwa kuwa hakuna wa kumrithi, kanisa lifungwe.

Watu wangesema ni mapafu. Na kweli, mapafu yalikuwa yamejaa vumbi la makaa. Huko mchungaji halipwi, kwa hiyo siku sita alichimba na ya saba alihubiri. Lakini mapafu yalikuwa kisingizio kizuri tu. Ukweli ni kwamba alikuwa amehubiri furaha ya Bwana kwa miaka yote hiyo kama mtu anayesifia chakula asichowahi kukionja, na sasa, tangu mkewe Vesta afariki mwezi Machi, hata kusifia kulimshinda. Alitaka kujua jambo moja kabla hajafa: je, kuna mtu hata mmoja aliyewahi kupata faida kwa uimbaji wake? Alikuwa na hakika jibu ni hapana. Alikuwa amelisikia jibu hilo kwa masikio yake.

Siku mgodi ulipoporomoka, wanaume saba walinaswa chini, maji yakipanda. Shimo la hewa lililotokezea nyuma ya kanisa lilikuwa jembamba, hata mtoto asingepita. Sauti tu ndiyo ilipita. Basi Orbin, wakati huo kijana wa miaka ishirini na tisa, alipiga magoti ukingoni akawatolea wimbo: "Nitakesha bondeni mpaka Bwana aje." Wanawake waliitikia juu, wanaume waliitikia chini. Siku mbili. Kisha sauti za chini zikapungua, zikabaki mbili, ikabaki moja, kukawa kimya. Wachimbaji walipofika siku ya nne walimkuta hai Burl Hensley peke yake, mvulana wa miaka kumi na tisa, ambaye hadi leo, akiwa shemasi mwenye mvi, hajawahi kusimulia lolote.

Na jambo moja zaidi, ambalo Orbin hakulisema hata kwenye maombi. Vesta alikuwa kando yake pale shimoni. Mashine za kiwanda cha soksi zilikuwa zimemla masikio, na kama wote wasiosikia vizuri aliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na alikosea. Mahali pa "nitakesha" aliimba "nitacheka". Aliimba hivyo mstari hadi mstari, mpaka siku ya pili jioni Orbin akamshika mkono akamvuta pembeni mbele ya watu wote. "Nyamaza, mwanamke! Watu wanakufa humu!"

Vesta alinyamaza. Nyumbani alibaki mtu wa mizaha yake, akimwita mumewe "Mtakatifu Kununa", lakini kanisani hakuimba tena hadi anakufa. Alichezesha midomo tu.

Sasa Orbin alisimama mimbarani, mbele ya mabenchi matupu. Mimbari ilitikisika. Ardhi ya Peachlick hutitia kidogo kidogo juu ya njia za mgodi wa zamani, na mguu mmoja wa mimbari ulikuwa hauigusi sakafu tena. Alifikiri atautoa wimbo ule mara moja tu, awaage. Hakuwa ameutoa tangu siku ile.

"Nitakesha bondeni mpaka Bwana aje," akasema, pumzi ikamwishia kwenye "aje".

Ukaitikiwa.

Alidhani ni mtungi, maana mtungi huzomea. Akainama akaufunga. Kanisa likawa kimya kama sikio. Na katika kimya kile mwitikio uliendelea, polepole, ukiburutwa kama wazee wanavyouburuta, sauti nzito za wanaume zikipanda kutoka chini ya mbao. Alizisikia kwenye nyayo kabla ya kuzisikia masikioni. Glasi ya maji juu ya mimbari ilijichora viduara.

Kifua kilipoanza kumbana aliufungua mtungi, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akaenda hadi kwenye shimo. Wavu wa chuma uliofunika mdomo wake ulikuwa na kutu. Hewa ya vuguvugu ilitoka, ikausukuma ukungu, kisha ikaacha, kisha ukungu ukavutwa ndani taratibu. Ukatoka tena. Ukaingia tena.

Orbin alipiga magoti, na magoti yalilalamika.

"Nitakesha bondeni mpaka Bwana aje," akasema ndani ya shimo.

Safari hii alisikia maneno. Aliondoa uso wake pale kama aliyeungua.

"Ndugu Orbin." Burl Hensley alikuwa amesimama hatua kumi nyuma, kofia mkononi, uso mweupe kama unga. "Toka hapo. Tafadhali, ndugu yangu, toka hapo."

"Umesikia?"

"Nimeshuka garini nimesikia. Nilidhani umeleta wageni."

"Wangapi?"

"Sita," akasema Burl. "Nawajua mmoja mmoja. Yule anayetangulia wenzake nusu mstari ni Clell."

Clell alikuwa mume wa Ocie, dada yake Vesta. Kila aliyewahi kuimba na Clell alijua alivyokuwa akikimbia wimbo kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

"Wanasema neno gani, Burl? La kwanza?"

"Unalijua."

"Nataka lisemwe na mtu mwingine."

Burl aliizungusha kofia, akaizungusha tena. "Nitacheka."

Ukungu ukatoka shimoni, ukawazunguka miguu.

"Shimo lile lilikuwa linakula maneno," Burl akasema. "Wewe ulikuwa unatoa, lakini kwetu ilifika kama nyuki kwenye kopo. Sauti iliyofika nzima ni moja tu, ya mwanamke. 'Nitacheka bondeni.' Giza tupu, maji yametufika kiunoni, Clell akasema, 'Jamani, huyo si Vesta? Kakosea tena!' Akaanza kucheka. Unajua kicheko chake. Tukacheka wote, Orbin, mpaka tukashikana tusianguke. Na sheria ni sheria. Ulichopewa ndicho unachoimba. Wenzangu walikwenda mmoja mmoja na neno hilo mdomoni. Sijawahi kuona watu wakienda vile. Sijui nikueleze vipi. Kama watu wanaoitwa mezani."

"Miaka arobaini na miwili, Burl!"

"Ningewaambiaje wajane? Wamevaa nyeusi, mimi niseme, 'Mama, pole, mumeo amekufa anacheka'? Na kila mwaka uliopita likazidi kuwa gumu." Akatazama chini. "Ila siku ya pili yule mwanamke akanyamaza ghafla. Tukabaki na wewe tu. Na nisamehe, ndugu, wewe ulikuwa unachosha."

Orbin alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, mtungi ukizomea kando yake. Alijaribu kulia, lakini kitu kingine kilikuwa kinamsukuma kifuani, kitu alichokisahau jina.

Saa tatu waliobaki wakafika, watatu kwa hesabu: Ocie na kikapu chake cha mkate wa mahindi na keki ya matofaa, na mtu na mkewe kutoka ng'ambo ya kijito.

"Shemeji, umekaa kwenye maji?" Ocie akasema, akimtazama suruali. "Vesta kaenda tu, na wewe umerudi utotoni?"

"Kaa, Dada Ocie. Burl ana neno, kisha nitatoa wimbo."

Burl alisimama akasema, kwa sentensi chache, akiitazama kofia muda wote. Ocie aliketi wima, mikono juu ya mkoba.

"Alicheka?" akauliza.

"Alicheka, Dada."

"Kile kicheko chake cha punda?"

"Hichohicho."

Ocie akavuta pumzi ndefu. "Miaka arobaini na miwili nalala namwona anapiga mayowe gizani. Kila usiku, Burl Hensley. Na wewe kila mwezi unakaa pale unakula keki yangu." Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka, na haikujulikana kinaelekea kilio au wapi. "Toa wimbo, shemeji, kabla sijamuua shemasi nikaikosa mbingu nikiwa nimekaribia hivi."

Orbin aliitoa barua mfukoni. Aliikunja mara mbili, mara tatu, akainama kwa taabu akaichomeka chini ya mguu wa mimbari uliokuwa ukining'inia. Akaitikisa mimbari. Ikatulia. Alifungua kitabu, ambapo neno "nitakesha" limeandikwa wazi, na kila mtu mle ndani alilijua tangu kunyonya.

"Nitacheka bondeni mpaka Bwana aje," akatoa.

Yule mama wa ng'ambo alimtazama mumewe. Lakini mwitikiaji hasahihishi. Ocie ndiye aliyeanza, kwa sauti iliyopasuka, Burl akamfuata, kisha wale wawili. Watu wanne wakaivuta "nitacheka" polepole kama kamba ndefu kutoka kisimani, na walipofika katikati ya mstari hawakuwa wanne tena.

Sauti zilipanda kupitia mbao. Glasi ya maji ililia. Mtungi wa oksijeni ukaanza kutoa mlio mwembamba kama kengele iliyo mbali. Yule bwana wa ng'ambo aliinua miguu yake miwili kutoka sakafuni akaendelea kuimba hivyohivyo, amekumbatia magoti, maana wimbo ukishaupokea huachii njiani. Chini yao, sauti moja ilikuwa imeshatangulia nusu mstari, inakimbia.

Ocie aliitazama sakafu kati ya viatu vyake. Kisha akaipiga kwa kisigino, mara mbili, kama mtu anayemgongea jirani.

"Clell!" akasema. "Vuta polepole! Unatuacha!"

Sauti ile ikapunguza mwendo.

Hapo ndipo kitu kile kilipomtoka Orbin. Hakuwa na pumzi ya kukibeba, kwa hiyo kilitoka vipande vipande, kibaya, cha kukwaruza, huku machozi yakimdondokea kitabuni na mkono ukiing'ang'ania mimbari. Burl alidhani anakufa, akanyanyuka. Orbin akampungia aketi. Alikuwa anacheka. Akiwa na miaka ishirini na tisa pale ukingoni, alikuwa ameinamia shimo akidhani anawazika watu, kumbe mkewe alikuwa anawapakulia chakula.

Mstari uliisha. Kanisa likasubiri wa pili, juu na chini. Orbin alifuta macho, akatafuta mahali ukurasani. *Taa yangu sitazima, njia ni nyembamba.* Alifungua kinywa autoe.

Ulikuwa umeshatolewa. Ulitoka karibu na bega lake la kushoto, kwa nguvu, kama wanavyoimba wasiosikia vizuri, na maneno mawili kati ya sita hayakuwa sawa.

Orbin hakugeuka. Alisogea hatua moja kulia, na mtungi wake, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Kisha, kwa pumzi aliyobakiwa nayo, akaitikia alichopewa.