Mvua ya Kijapani

Wazungu wa mashamba walipofungasha virago baada ya Azimio la Arusha, wenye akili zao walikimbilia vitanda na masufuria yaliyoachwa. Mume wangu Tobia alikimbilia karatasi. Picha za Kijapani, kuukuu, zilizochapwa kwa mbao za kuchonga kabla Mjerumani hajapanda milima hii. Alizunguka Lushoto hadi Soni akibadilisha kuku wangu kwa wanawake wa karatasi wasio na videvu.

Aliyoipenda kuliko zote ni ya watu wanaokimbia mvua darajani. Aliitundika sebuleni, akawakataza watoto wasiipumulie. Mimi nilipika jikoni na moshi wangu.

Mama yake alipofariki, tulisubiri alie. Wapi! Alipokea pole kwa macho makavu kama karani anayepokea kodi. Wanawake wakaanza kunong'ona, maana mama yule alimzaa yeye peke yake.

Ndipo akaingia Omari, mtoto wa mjomba wake na mtani wake. Kwetu mtani huja msibani kuchokoza. Hunyakua kitu cha mfiwa, mfiwa akikomboe kwa jogoo, watu wacheke kidogo. Kukasirika ni mwiko. Omari akanyakua ile picha ukutani.

Ingetosha Tobia aseme, "Chukua jogoo." Lakini mjinga yule akapiga kelele, "Taratibu! Ina zaidi ya miaka mia!"

Ukimwonyesha mtani panapouma, umekwisha.

"Kumbe!" Omari akasema. "Basi nataka mbuzi."

"Chukua mbuzi!"

"Na mkeo."

"Mchukue!"

Nilikuwa nimesimama pale pale.

"Aa, mvua inanyesha. Nipe mwavuli tu." Omari akaiweka picha kichwani, akatoka uani kwenye mvua akicheza. Rangi ya buluu ikamtiririka usoni mpaka kwenye kanzu.

Tobia akamkimbilia nje, akaangua kilio, akaanguka, akagaagaa matopeni. Wanawake wakampokea kwa vilio vyao. Omari akatupa karatasi iliyolowa, akamkumbatia, naye analia. "Hatimaye, binamu! Mlilie shangazi!" Mchungaji akasema hajapata kuona mtoto anayempenda mama namna ile.

Tobia akanitazama. Mimi peke yangu nilijua anacholilia. Nilimchukia, nikamhurumia, vyote kwa pamoja. Nikaketi matopeni, nikampakata kichwa.

"Lia tu, Baba Paskali," nikamnong'oneza. "Mama hatajua."