Vipimo vya Ngongoti

Barua ya tatu kutoka vitani ilifika Jumanne, fundi cherehani akiwa anatia zipu kwenye sketi ya mwalimu. Alimaliza zipu kwanza. Kisha akavaa miwani, akaifungua bahasha kwa ncha ya mkasi na kuisoma kama alivyozoea kusoma barua za binti yake, yaani kuanzia chini.

Chini ndiko kulikokuwa na vipimo. Binti alikuwa mrefu tangu utotoni, mrefu hadi shuleni wakambandika jina la Ngongoti, na mama yake ndiye aliyemshonea kila alichovaa. Siku alipoondoka kwenda ng'ambo kujitolea katika hospitali ya majeruhi, mama alimpa sharti moja tu: barua isiyo na vipimo asiitume. Kwa hiyo juu kulikuwa na salamu, katikati mahitaji, na mstari wa mwisho urefu, kifua, kiuno na mguu. Safari hii urefu ulikuwa sentimita mia moja sitini na nne. Siku ya kuondoka ulikuwa mia moja themanini na moja.

"Huyu kasahau kupima," fundi akasema.

Kaka yake, fundi viatu, alikuwa na benchi lake upande wa pili wa chumba hichohicho. Hakuinua kichwa. "Si ulimpa futi yako ya zamani? Imelegea ile. Futi ya kitambaa ikivutwa miaka kumi inamdhulumu kila mtu."

Hilo lilikuwa kweli, na fundi alijiona mjinga kwa kumpa mtoto futi iliyochoka. Akafungasha mpya, ya plastiki, pamoja na vitu vilivyoombwa: sabuni, soksi, sindano, na penseli za wagonjwa waliotaka kuandika kwao. Posta haikupokea kifurushi kinachozidi kilo mbili, na kila nyumba iliruhusiwa kimoja tu kwa mwezi. Hata hivyo alipunguza sabuni saba ili gauni la mikono mirefu lipate nafasi, kwa kuwa Ngongoti aliandika kwamba kuna baridi. Alilishona kwa urefu uleule wa siku zote.

Jibu lilikuja baada ya wiki saba.

"Mama, gauni limefika, asante. Limenimeza, kwa hiyo tumelikata likawa bandeji za watu watatu. Mifuko nimebaki nayo mimi. Futi mpya inasema mia moja arobaini na sita. Ile ya zamani haikuwa na kosa, Mama. Mgonjwa akiomba kitu, nikiwa nacho nampa. Nikiwa sina, napungua. Wenzangu nao hivyohivyo. Matroni alikuja mwanamke wa miraba minne, sasa anapanda kigoda kufikia kitasa cha mlango. Usiwe na wasiwasi, haiumi. Tuletee sabuni, na soksi, na mashuka ya zamani kama yapo. Salamu kwa mjomba. Mguu: namba thelathini na moja."

Fundi aliisoma mara mbili, akalia. Alililia lile gauni. Sabuni saba zilikaa kabatini kwa sababu alimwamini kaka yake na futi kuliko alivyomwamini mwanawe.

Siku iliyofuata alikwenda kwenye ofisi ya wanaojitolea. Karani alikuwa mtu mpole, akampa kiti. Nyuma yake katoni zilipangwa hadi darini, zimeandikwa SABUNI, SOKSI, MASHUKA. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mbovu, na chini yake ilisukumwa katoni ya soksi ili isiyumbe.

"Anapungua," fundi akasema.

"Wanapungua, Mama. Ni kawaida kwa hawa wa kujitolea. Wanajeshi hawapungui, wana mgao wao."

"Basi namtaka nyumbani."

Karani akafungua faili. "Mkataba wake ni wa miezi kumi na minane. Unahesabu siku, hauhesabu kimo. Na wanamsifu, Mama. Wameandika hapa kwamba halalamiki, na siku hizi nusu sahani inamtosha."

"Na hivyo vitu hapo nyuma yako?"

"Hizo ni zawadi za wananchi. Zinasubiri sahihi ya mkubwa, naye yuko safarini." Akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya. "Ikitoka katoni moja bila sahihi, nitakayeulizwa ni mimi."

Tangu hapo kifurushi cha kila mwezi hakikuwa na gauni. Mwalimu alileta mashuka yake mawili. Mwuza maziwa alileta sabuni nne, akaomba msamaha kwamba moja imeshatumika. Kilo mbili zilipofika kule, kimo cha Ngongoti kilisimama palepale kwa siku tisa au kumi, kisha zawadi zikaisha na wagonjwa wakaendelea kuomba. Sentimita tisini na nane. Sitini na moja. Arobaini. Mwandiko nao ulipungua, hadi mjomba akawa anausoma kwa kioo cha kukuzia. Jozi ya mwisho ya viatu aliivalisha kidole gumba chake ili apate umbo la kuishonea. Alisema ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kisha akatoka nje akakaa huko kwa muda mrefu.

Mwezi wa kumi na tano tarishi alileta kifurushi cha kutiwa sahihi, kidogo kama kasha la miwani. Kwenye nafasi ya uzito paliandikwa gramu thelathini, kwenye sababu, hafikii tena vitanda, na kwenye yaliyomo, mtu mmoja, mzima.

Fundi alitia sahihi. Alikifungua taratibu, kama anayefumua mshono wa nguo anayoipenda. Ngongoti alikuwa amelala ndani ya kidole kilichokatwa kwenye glavu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

Akampima, maana hakujua kufanya vingine. Sentimita tisa. Halafu akamweka kiganjani, akakaa hivyo asubuhi nzima bila kuigusa cherehani, na kila mteja aliyeingia alisalimia na kuondoka.

Wakamtandikia kwenye droo ya cherehani, kati ya nyuzi na vifungo. Alikula vizuri. Kila asubuhi aliuliza kama katoni zimetoka, na mama yake akamjibu kwamba bado. Fundi akawa mwangalifu sana. Hata sindano iliyokuwa pembeni ya mto wa binti yake hakuiomba, aliinuka akainyooshea mkono mwenyewe.

Kisha ikaja barua ya ofisi. Ilieleza kwamba, kwa kuwa Ngongoti alirejea kabla ya miezi kumi na minane, hatapewa cheti. Aya ya pili ilimwomba fundi ashone sare kumi na mbili za kundi jipya, kwani kazi yake inafahamika.

Fundi alitaka kukataa. Ila alimfikiria fundi mwingine asiyejua, akishona sare ambazo hazipunguziki, akakubali. Ndani ya kila sare alipitisha mistari mitatu ya uzi mweupe, mmoja baada ya mwingine, kuonyesha mahali pa kukunja.

Wa kwanza kuja kupimwa alikuwa binti wa mwuza maziwa.

"Umeambiwa?" fundi akamuuliza.

"Nimeambiwa, Mama. Kwenye fomu ipo, kifungu cha tisa."

Fundi akamwonyesha ile mistari mitatu na jinsi ya kuukunja mshono usikwaruze ngozi. Binti alikuwa mwepesi wa kuelewa. Kisha akasimama wima, mabega nyuma, na fundi akashusha futi kutoka utosini hadi kisiginoni.

"Urefu?" Ngongoti akauliza kutoka kwenye droo.

"Mia moja sabini na mbili."

Mjomba akaishusha nyundo, maana Ngongoti alikuwa akihesabu, na sauti yake ilikuwa haisikiki kukiwa na kelele.

"Atatosha hadi kiangazi," Ngongoti akasema. "Apewe na sabuni."

"Asante, dada," akajibu binti wa mwuza maziwa, akavaa viatu vyake.

Fundi alichukua kabatini sabuni saba za kifurushi ambacho hakikuwahi kutumwa, akampa. Kisha akakaa, akaiacha droo wazi kidogo hewa ipite, akaanza mikono ya sare.