Makochi ya Javan

Awino aliingia nyumbani mwake kwa ubavu. Watoto pia waliingia hivyo, kwa sababu kati ya mlango na kabati la vyombo hapakubaki nafasi ya mtu kupita. Mumewe, Javan, alikuwa mnunuzi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, pale kisiwani Mfangano, na katika ile miaka ya tisini ambapo samaki walilipa vizuri, kila alipovuka kwenda Homa Bay alirudi na kitu. Makochi ya mahameli, kisha makochi mengine. Saa za ukutani. Friji, na kisiwani hapakuwa na nguzo hata moja ya stima. Waliitumia kuwekea blanketi.

Nyumba ilinuka. Ilikuwa harufu ya vitambaa visivyopigwa na jua, ya mkojo wa panya, ya shombo lililotoka kwenye viatu vya Javan na kuhamia kwenye zulia. Ilimkaa Awino kooni. Hata kanisani alijitenga na wenzake kwenye benchi, akiogopa kwamba harufu imemfuata.

"Nyumba inanuka, Baba Lynnet," alimwambia.

"Hiyo ni harufu ya mali," Javan akajibu akicheka.

Asubuhi moja binti yao, Lynnet, aliamka akilia. Watoto walilala sakafuni, kwenye kichochoro kati ya makochi. Panya alikuwa amemtafuna kisigino, na damu ilikuwa imechirizika hadi kwenye kitambaa cha kochi. Javan alikuja mbio akainama. Awino alidhani anamwinamia mtoto. Kumbe alishika kitambaa, akatemea kidole mate, akaanza kusugua.

"Yawa! Hii damu itatoka kweli?"

Awino alitazama kile kidole chenye mate kwa kinyaa. Alimbeba mtoto hadi zahanati, wakamwosha kidonda na kumdunga sindano. Aliporudi, Javan alikuwa ameshapanda boti kwenda Mbita. Basi akamwita jirani yake, Mourine.

"Nisaidie kutoa hivi vitu nje."

"Vyote?"

"Vyote. Nitarudisha vile nitaweza kushika bila kutapika."

Walipopindua kochi la kwanza, sponji ilikuwa imechimbwa shimo, na mlemle shimoni vitoto vya panya, vyekundu, visivyo na manyoya, vilikuwa vikijinyonganyonga kama minyoo. Mourine alipiga ukemi akakimbilia uani. Vikombe vya wageni, ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea, vilijaa vinyesi vya mende. Blanketi zilitoka kwenye friji zikiwa na ukungu wa kijani. Awino alitapika kando ya ua, akajifuta kwa leso, akarudi ndani.

Kilichomkera zaidi ni lile zulia. Hilo alikuwa amelitaka yeye mwenyewe, akanuna hadi likanunuliwa. Sasa lilikuwa na unyevunyevu chini, linateleza kama ngozi ya kambare. Alilivuta hadi nje akiwa ameziba pua.

Alirudisha sufuria, sahani, nguo, magodoro baada ya kuyaanika, na viti vya mbao. Akasugua sakafu kwa sabuni na dawa. Alipomwita Lynnet, sauti ilimrudia kutoka ukutani, akashtuka. Hakujua kwamba nyumba yake ni kubwa.

Javan alifika alasiri, akakuta watu wamesimama wakitazama makochi yake juani.

"Mama Lynnet, umenivua nguo mbele ya watu!"

"Nguo zako ziko ndani. Hivi ni vya panya."

"Unajua mimi nililala wapi nikiwa mtoto? Kwenye gunia! Mgeni akija, mama anaazima kiti kwa jirani." Sauti ilimkatika.

Awino alimhurumia, ila huruma haikukiondoa kinyaa. "Na Lynnet alilala wapi jana?"

Javan alikodi chumba ufuoni, akabeba vitu vyake vyote, akahamia huko navyo.

Awino hakumfuata. Alianza kulala usingizi mzito, jambo alilokuwa amelisahau. Alifagia nyumba kabla chai haijachemka. Nguo asizovaa alimpa wifi yake, na mtu alipomletea maua ya plastiki, alishukuru akayakataa. Siku moja aligundua kwamba hajawafokea watoto tangu asubuhi.

Mvua za masika zilipoanza, alimpelekea Javan chakula. Mlango ulipofunguka, ilimbidi apumue kwa mdomo. Mumewe aliketi katikati ya makochi yaliyopangwa hadi darini, anajikuna. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeyaotesha mahameli ukungu, na mikono yake ilijaa vipele vya kunguni.

"Wamenimaliza," Javan alisema. "Lakini siwezi. Nikifikiria kutoa hata kimoja, naona nimerudi kwenye gunia."

"Sijasema utoe vyote. Toa kochi hili tu, tulichome."

Javan alisimama, akaweka mkono juu ya kochi. Kisha akalishika upande mmoja, Awino upande wa pili, wakalitoa nje. Mafuta ya taa aliyamwaga Javan mwenyewe. Moshi ulikuwa mweusi, na uvundo wake uliwafanya wavuvi watukane. Javan alikohoa mpaka akatapika.

"Linanuka vibaya," alisema.

"Lilikuwa linanuka hivyo siku zote."

Javan alirudi ndani, akatoka akiburuta lingine.

Mwishowe alikuja nyumbani na sanduku moja tu. Awino alichemsha nguo zake zote uani na kumwogesha kwa sabuni ya dawa, na harufu ilipokataa, akamwogesha tena. Ndipo akamruhusu kuingia. Javan alisimama katikati ya chumba kitupu kama mtu aliyepotea njia.

"Nikae wapi?"

"Popote," Awino akamwambia, akaenda kutazama ugali.